Mwenzi Wangu wa Kuzama Alinikataa Mbele ya Watu

Kila asubuhi kabla ya kuzama baharini, dada Marivic hunikagua, nami humkagua. Mkanda, mtungi wa hewa, kipumulio. Kisha hunipiga kofi dogo begani, tunaingia majini.

Asubuhi ile nikamgeuzia mgongo kama kawaida...

Mikono yake haikuja.

"Kaka Dodong," akamwambia kiongozi wetu, "mimi sizami tena na huyu. Mtafutie mwingine!"

Jamani! Mbele ya ngalawa nzima!

Kaka Dodong akajikuna kichwa. "Wengine wote wana wenzi wao. Huyu Pramila akikosa mwenzi hazami. Na asiyezama, Jumamosi anarudishwa kwao."

"Basi arudi!"

Kwetu ni Nepali, nchi ya milima isiyo na bahari. Samaki niliwasoma chuoni, kwenye vitabu, kisha nikajitolea kuja huku Leyte, Ufilipino, kuhesabu matumbawe. Na katika kijiji kizima, Marivic ndiye pekee niliyemzoea.

Ngalawa ikaondoka. Nikabaki ufukweni na mtungi mgongoni, kama punda aliyesahauliwa akiwa na mzigo wake.

Marivic naye alibaki.

"Hata hukasiriki?"

"Hapana, dada. Ni sawa tu."

"Unaona? Sawa, sawa, sawa! Jana kule chini nilikuuliza hali. Ulinijibu nini?"

Chini ya maji hakuna sauti. Tunakutanisha kidole gumba na cha shahada, duara: niko sawa.

"Nilijibu... niko sawa."

"Na geji yako ya hewa ilikuwa wapi?"

Nikainamisha kichwa. "Kwenye nyekundu."

"Hewa inakuishia, unaniambia uko sawa! Nisingeichungulia mwenyewe, leo ningemwambia nini mama yako?"

"Sikutaka kuwakatizia kazi..."

Machozi yakamtoka. Marivic! Yule anayecheka hata akichomwa na miiba ya baharini!

"Na siku ya sikukuu yenu ya Dashain? Ndugu zako wanapakwa baraka kwenye paji la uso, wewe unawatazama kwenye simu, umejificha nyuma ya mitungi. Nilikuuliza. Ukasema?"

"Niko sawa."

"Mama yangu anakukaribisha wali na samaki mkavu kila siku. Unasema?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba! Huyo samaki mkavu ana nyama kukushinda, wewe!"

Nikataka kucheka. Kikatoka kilio.

"Sikuchukii, mdogo wangu," akasema taratibu. "Naogopa. Siwezi kuzama na mtu atakayekufa huku ananionyesha kwamba yuko sawa."

Ndugu zangu mnaosoma hapa... mimi nilidhani kunyamaza ndiyo adabu. Nilidhani mgeni mwema ni yule asiyemsumbua mtu. Kumbe adabu hiyo ilibaki kidogo tu inizike! Mtu anayekupenda akikuuliza hali, usimjibu kwa adabu. Mjibu kweli.

Marivic akafuta uso. Akaninyooshea mkono, vidole viwili vikafanya duara.

*Uko sawa?*

Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, kama ulivyozoea.

Nikaushusha.

"Siko sawa, dada," nikasema. "Nina upweke mpaka kifua kinauma... na nina njaa."