Nilikata Benchi la Mama Mukwe Nipate Salo ya Maroko

Nina miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Tunaishi huku milimani Masisi, juu ya njia inayoteremka kwenda Kashebere. Haya ninayoandika sijayasema kanisani wala kwa dada zangu. Nayasema kwenu kwa sababu hamnijui.

Niliolewa katika nyumba ya mama mukwe. Chumba kikubwa cha kukaa, tunachokiita salo, kilikuwa na benchi moja refu la mbao nzito ambalo marehemu baba mukwe alilitengeneza mwenyewe. Miaka kumi na moja nililipangusa benchi lile kila asubuhi, na miaka yote hiyo nililichukia. Walimu wenzangu wakinitembelea, niliona aibu kuwaambia wakae.

Kisha nikaona kwenye simu picha za salo za Maroko. Viti vya chini kuzunguka kuta, mito myekundu na ya bluu, rido, yaani mapazia, zenye nyuzi za dhahabu madirishani, taa za shaba zenye matundu... Nilizitazama hadi macho yakauma. Nikamuonyesha mume wangu, Papa Neema, aliyekuwa anachuja maziwa. "Ni muzuri," akasema, akaendelea kuchuja. Mimi nikalichukua neno hilo kama ruhusa. Nani kati yenu hangelichukua?

Wifi yangu Jeanne akajifungua kule Bweremana. Mama mukwe akaenda kumsaidia, Papa Neema akamsindikiza. Wangekaa wiki mbili. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu, watarudi wakute mambo mapya.

Nikamwita fundi wa mbao. Alisema mbao mbichi zitapinda, na kavu hazipatikani upesi. Akalitazama benchi, mbao zake kavu zinazotosha viti, akaligeuza miguu juu.

"Mama Neema, huku chini kuko maandiko. Nikate ao niache?"

Niliinama nikaona mikwaruzo ya kisu, herufi zilizopinda, zimejaa masizi na vumbi. Nikadhani ni michezo ya watoto wa zamani.

"Kata," nikasema.

Siku waliyorudi nilikuwa nimechemsha chai na kuvaa kitenge kipya. Papa Neema alisimama mlangoni, mzigo wa mama yake bado begani. Mama mukwe hakuangalia rido wala mito.

"Benchi iko wapi?"

Nilicheka, nikapigapiga kiti. "Ndiyo hii, Mama. Tuliitumia humu ndani. Karibu ukae."

Alijaribu kukaa. Viti vilikuwa chini mno, magoti yake yakakataa, mume wangu akamshika asianguke. Akatoka taratibu, akaenda kukaa jikoni karibu na moto.

Papa Neema alinieleza nje, huku anatazama ng'ombe. Kila mtoto alipozaliwa, baba yao alichonga jina lake chini ya benchi. Walikuwa watatu: Bahati, ndiye yeye mume wangu, kisha Jeanne, kisha Rehema. Mimi sikuwahi kumsikia huyo Rehema. Alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, wakati wanakimbia vita. Walimzika kando ya njia, mahali ambapo hawakuweza kupatambua tena. Nyumba ikaungua na picha zote na karatasi zote. Benchi lilipona kwa sababu lilikuwa limeazimwa na kanisa. Jina la yule mtoto lilikuwa limebaki pale tu.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?" nikauliza. Ndiyo, nilikasirika mimi, mkosaji.

"Haukuulizaka hata siku moja," akajibu.

Asubuhi nilipasua mito, nikang'oa mbao moja moja. Bahati nilimpata mzima. Jeanne alikuwa amekatwa katikati. Rehema... hakuwemo. Nilikwenda mbio kwa fundi. Vipande vilivyobaki alimpa mke wake, na mke wake alipikia maharagi. "Mama, mimi nilikuuliza," akasema.

Fundi akapigilia mbao tena, nami nikashona mito, lakini wiki ile ile mama mukwe akafunga nguo zake arudi kwa Jeanne. Nilimuomba abaki.

"Sikukasirika," akaniambia. "Magoti yangu haiwezi hii viti."

Heri angenitukana.

Na hiyo salo yenyewe? Baridi ya milima iliingia ndani ya sponji ya mito, ikaanza kunuka. Taa nilizoambiwa ni za shaba zilikuwa bati lililopakwa rangi, zikaota kutu. Wazee waliozoea kuja kuongea na mume wangu walisimama mlangoni na matope yao, wakaangalia viti, wakaaga. Papa Neema akawa anakula jikoni. Nilikaa peke yangu kwenye urembo wangu, nimechoka, najiuliza nilimpendezesha nani.

Mwishowe nikashuka Bweremana. Nilimkuta mama mukwe anaogesha mjukuu. Nikapiga magoti.

"Nimekusamehe, mutoto wangu," akasema, mikono yake bado iko majini. "Lakini nikikufa, nani atajua kama Rehema alikuwako?"

Nikamuomba anihadithie. Akaniambia mtoto yule alipenda utandu wa maziwa, aliogopa mbuzi, alikataa kubebwa hata walipokuwa wanakimbia. Niliandika yote katika daftari la shule. Jioni nilimsihi turudi pamoja. Alikataa kwa upole, na mpaka leo yuko huko. Naenda kumuona kila likizo, naye hunisimulia. Nyumbani kwangu hajakanyaga tena.

Dada zangu, kaka zangu, sisemi msipambe nyumba zenu. Pambeni. Lakini kitu mlichokikuta ndani ya nyumba, cha mtu aliyekuwako kabla yenu, msikiguse mpaka awaambie kwa kinywa chake ni cha nini. Msijibu kwa niaba yake. Mimi nilitakiwa kungoja wiki mbili tu.