Swali la Dakta Quansah

Mvua ya mwisho wa Machi 1957 ilimkuta Celina mbele ya lango la soko la Kariakoo, mkononi ana kitabu cha kemia chenye kurasa mia sita. Kijana mmoja alivua koti lake la mvua, lenye nembo ya reli, akakifunika kitabu. Kitabu tu.

"Na mimi je?"

"Wewe utakauka, dada. Kitabu kikilowa hakirudi."

Celina alicheka huku maji yakimtiririka shingoni.

Kijana huyo aliitwa Melkiori, Mluguru, karani katika karakana ya reli Gerezani. Celina alikuwa Mchaga wa Kibosho, mwanafunzi wa chuo kikuu Kampala. Likizo alikaa kwa baba yake mdogo, Aristides, mwenye duka la jumla Mtaa wa Msimbazi. Wiki ya nne walikuwa wamekubaliana: Jumapili, tarehe tano Mei, mjomba wa Melkiori angekwenda kuposa. Jumanne Celina angerudi chuoni.

Jumamosi, tarehe 27 Aprili, wanafunzi wa chuo hicho waliokuwa likizoni waliandaa hafla katika ukumbi wa Mnazi Mmoja. Mgeni wao alikuwa Dakta Quansah, mkuu wa chuo cha walimu nchini Ghana, na Ghana yenyewe ilikuwa na siku hamsini na mbili za uhuru. Melkiori alijitolea kupanga viti ili naye amwone mgeni huyo.

Dakta aliingia saa kumi kamili. Watu mia tatu walisimama bila kuambiwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye miwani, amejifunga kitambaa kizito cha kijani, njano na nyekundu, bega moja wazi. Hakuna hata mmoja katika mstari wa wanafunzi aliyewahi kumwona mwanamke Mwafrika akiitwa Dakta.

Alipofika kwa Celina, aliyevaa gauni jeupe, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Unasoma nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Kemia, Dakta."

"Kemia!" Aliwageukia waliomfuata. "Mmesikia?"

Akamgeukia tena Celina.

"Masomo marefu hayo. Kuna kijana anayekusubiri?"

Aristides alisimama pembeni ya Celina. Melkiori alikuwa hatua nne nyuma yao, amebeba kiti.

"Hakuna," Celina alijibu.

Melkiori alikiweka kiti chini taratibu, akatoka.

Jumatatu Celina alipiga simu karakana kutoka duka la jirani, la Tulsidas. Akaambiwa karani ametoka. Akapiga tena, ametoka. Mara ya tatu Shobhana, binti wa Tulsidas, alimnyang'anya simu.

"Hapa duka la Tulsidas! Mzigo wetu wa vitambaa uko wapi? Nipe karani Melkiori, sasa hivi!"

Akamrudishia Celina simu, macho yakimcheka.

"Halo, mzigo gani?" sauti ya Melkiori iliuliza.

"Mzigo ni mimi. Usikate."

"Mimi nani nikate? Wewe huna mtu. Umemwambia Dakta mwenyewe."

"Baba mdogo alikuwa amesimama wapi?"

"Pembeni yako."

"Kwetu msichana hamtaji mwanamume mbele ya baba kabla pombe ya posa haijaletwa. Akimtaja, amemdharau baba. Ningesema yupo, Jumapili pombe yenu ingerudishwa bila kuonjwa."

"Kwa hiyo umenikana ili unipate?"

"Ndiyo, mpenzi. Nilidhani unajua."

"Mimi Mluguru, Celina! Nani aliniambia?"

"Hakuna. Hilo ndilo kosa langu."

"Jumamosi ile jioni yote nilitembea kwa miguu mpaka Magogoni, nikarudi. Sikujua naenda wapi." Akakohoa. "Sasa hiyo pombe ni pombe gani? Mjomba alikuwa anunue soda."

"Soda! Unataka kuniua? Mbege, bwana! Nenda Ilala kwa mama Anaeli, leo hii. Ndizi na ulezi vinataka siku zake."

"Haya, bibi kemia."

"Dakika tano zimekwisha!" Shobhana alipaza sauti.

Jumapili mjomba alikuja na debe la mbege, na Melkiori amevaa suti ya kijivu ya kuazima, mikono mifupi kidogo. Aristides alichota kwa kata, akanywa, akafuta mdomo.

"Imepikwa vizuri," alisema. "Lakini mwanangu amebakiza miaka miwili ya masomo. Hatoki chuoni kwa ajili ya ndoa. Utaweza?"

"Baba, mimi ni mtu wa reli. Kusubiri ndiyo kazi yetu."

Aristides alicheka kwanza, kisha wote. Akampa kata.

Jumanne, treni ya bara ikiwa bado kituoni, Celina alimpa Melkiori barua kupitia dirishani aipeleke posta. Bahasha, iliyoandikwa anwani ya Ghana, haikuwa imefungwa.

"Soma," alisema.

Ilikuwa na mistari minne.

*Mheshimiwa Dakta Quansah,*
*Jibu nililokupa Dar es Salaam halikuwa la kweli.*
*Yupo.*
*Anaitwa Melkiori.*