Nilifunga Siku Tatu, Mwenzangu wa Maombi Akachukua Kazi Yangu ya Ng'ambo

"Samahani, Kinya… si ulijitoa?"

Mzungu wa mahojiano ya kazi alikuwa ananitazama kwenye simu ya video. Juu nimevaa blauzi ya kanisa, miguu iko ndani ya blanketi kwa baridi ya Timau.

"Kujitoa? Mimi?!"

"Ulituandikia juzi. Ukasema tumchukue rafiki yako Winfred. Ameanza leo."

Woi!

Ngojeni niwaeleze. Mimi ni mfungashaji wa maua ya waridi, mikono imejaa alama za miiba. Jioni nilikuwa naenda darasa la Kiingereza, nakaa dawati moja na vijana wa rika la mwanangu. Nikaomba kazi ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo, unafanyia nyumbani. Wakaniita kwa mahojiano!

Winfred ni mwenzangu wa maombi. Laptop niliyoombea kazi ni yake.

"Jambo kubwa hivi linataka mfungo," akaniambia. "Siku tatu. Na simu uzime, Shetani hupitia huko."

Pasta wetu Mbaabu akaongeza, "Mtii dada yako."

Nikazima. Nikamlilia Mungu mpaka magoti yakavimba.

Kumbe barua pepe yangu ilibaki wazi kwa laptop yake!

Nikakimbia kwake. Nikamkuta na hedifoni shingoni.

"Winfred, umenifanyia nini?"

"Punguza sauti, niko kazini."

"Hiyo ni kazi yangu!"

"Na hicho Kiingereza chako cha jioni? Wangekucheka, mama. Nimekuokolea aibu."

Mlango, pah!

Jumapili Winfred akatoa ushuhuda kanisani, jinsi Mungu alivyompa kazi. Makofi, vigelegele. Halafu Pasta akaniita mbele nimwombee Winfred.

Sasa nyinyi mnajua, mtu akiwa anaomba hakuna wa kumkatiza. Macho yote yakafumbwa. Nikamwambia Mungu kila kitu kwa maikrofoni! Mfungo, simu, laptop…

"Baba, wewe ulimwona akiandika kwa jina langu! Ameni."

Macho yote yakafumbuka.

Winfred akaanza kulia. Nikajua haki yangu imefika.

Pasta akaninyang'anya maikrofoni.

"Kinya, ile barua tuliiandika pamoja na Winfred. Tuliona ukienda wewe, nafasi itapotea bure. Wewe mikono yako ni ya maua. Sasa mwombe dada yako msamaha, umemwaibisha mbele ya watu wa Mungu."

"Ameni!" kanisa likajibu.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mama yangu mzazi.

Niliomba msamaha, wapendwa. Nikiwa nimepiga magoti.

Leo niko kwa maua, na bado natafuta kazi ya ng'ambo. Mungu sijamwacha. Nanyi ombeni na watu, fungeni na watu… lakini barua pepe ifunge, na neno lako la siri alijue Mungu peke yake!