Nyusi za Qaunnaq

Uwanja wa ndege wa Iqaluit, mji wa kaskazini kwenye barafu, ulikuwa umefurika abiria na maboksi ya samaki siku Tagalik alipomkanyaga binti mmoja mwenye koti la buluu, kofia yake imezungukwa na manyoya ya mbweha.

“Samahani, dada. Umeumia?”

Binti akainua nyusi, kimya.

“Mbona hunijibu?”

“Nimeshajibu. Nyusi zikipanda ni ndiyo. Kwani wewe umelelewa kusini?”

Kweli alilelewa kusini, na alikuwa amerejea kuziingiza herufi za Kiinuktitut, lugha ya wenyeji wa huko, kwenye kompyuta na simu. Binti aliitwa Qaunnaq, muuguzi, mzaliwa wa kijiji cha mbali cha Uqsuqtuuq. Majira yote ya baridi simu zao hazikupoa.

“Umekula, mpenzi?”

“Samaki mbichi. Wewe endelea na tambi zako, mtoto wa kusini.”

Jumapili moja Qaunnaq alimwonyesha picha ya barua ya bibi yake, iliyoandikwa kwa mkono.

“Hunitumia hivi kwa sababu simu haina herufi tatu za lahaja yetu. Hata jina lake mwenyewe haliandikiki. Sijui nani aliziacha nje.”

Tagalik alihisi uso ukimwiva. Mwaka uliopita aliwatumia wazee swali kwa ujumbe wa simu: je, herufi hizi mnazitumia bado? Hakuna aliyejibu, naye akaiandikia kamati inayoamua herufi za kuingizwa kwamba hazitumiki tena. Wangejibu kwa herufi zipi?

“Ni mimi,” alisema, macho kwenye viatu vyake.

Qaunnaq alichukua koti. “Kimya cha bibi yangu umekifanya hapana. Hukwenda hata kumwona.”

Kwa wiki tatu hakupokea simu zake. Aibu ilimtafuna Tagalik hata ikampandisha ndege. Huko Uqsuqtuuq aliketi sakafuni kwa bibi, akaungama kila neno. Bibi alimkatia samaki mkavu, kisha akatoa sanduku la barua za miaka arobaini, zote zimejaa herufi zile tatu.

“Kula kwanza, mjukuu. Haya haishibishi.”

Barua zile zilifika kwenye kamati pamoja na maelezo ya Tagalik yenye sahihi yake: Nilikosea, sikuwauliza wazee ana kwa ana. Kamati ikazipokea herufi.

Aliporudi Iqaluit, Qaunnaq alikuwa akimngoja uwanja wa ndege.

“Bibi kanipigia. Anasema unakula kama kifaranga.”

“Naona haya hata kukutazama.”

“Usiponitazama, jibu langu utalionaje?”

Tagalik akainua kichwa. “Utanikubali niwe mume wako?”

Kimya. Safari hii hakukifasiri. Alingoja, macho usoni pake, mpaka nyusi zikapanda.