Usimeze, Ikupa

"Sukutua sekunde kumi, tema. Usimeze."

Kocha Philbert alisema hivyo kila asubuhi mazoezini pale Iyunga, macho kwenye saa. Ikupa alizungusha maji ya sukari mdomoni, akayatema, akaanza kukimbia na njaa yake. Tumbo zito halikimbii, kocha alimweleza; ulimi ukionja utamu tu, ubongo unaamka na miguu inafuata. Na kweli, miguu ilifuata.

Tatizo ni kwamba kocha ndiye mchumba. Chumba anachoishi Ikupa mtaa wa Soweto kapanga yeye, simu kanunua yeye, meseji anazisoma yeye, hata wali anapima yeye. Akiulizwa harusi lini, anajibu baada ya mbio. Mwaka wa nne huo. Posa ilishapokelewa kwao, mama kashona kitenge. Angerudi nyumbani na sura gani? Ikupa alibanwa kila upande.

Siku ya mbio za Iringa, kilomita ishirini na moja, meseji iliingia alfajiri: "Kilomita ya 15, Mlandege, dada yangu Eveline atakupa chupa. Mimi nitakusubiri mwisho wa mbio. Usiongee naye, utapoteza muda."

Pale Mlandege mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitoka kando ya barabara, akakimbia naye hatua chache.

"Kamwene, dada. Ikupa ndiye wewe? Shika. Mume wangu kasema usukutue, uteme."

"Mume wako nani?"

"Si kocha wako, Philbert. Mbona washtuka? Mwaka wa sita sasa tumeoana."

Philbert hakumwamini mtu mwingine kuchanganya ile sukari. Njia ya mwongo ni fupi.

Ikupa, aliyekuwa akiongoza, alisimama. Wenzake watatu walimpita. Alilia, hakujificha. Kisha akaiinua chupa akanywa, akameza hadi tone la mwisho, miaka minne ya kiu ikishuka kooni. Akaikumbatia chupa tupu, akaondoka mbio. Alimpita mmoja wao, wawili hakuwapata.

Philbert alimpokea mwisho na taulo, uso umekunjamana.

"Wa tatu? Ikupa, umemeza?"

"Nimemeza."

"Nilikwambia nini mimi?"

Ikupa akavua pete ya uchumba, akaitumbukiza kwenye chupa, akafunga kifuniko, akamkabidhi.

"Mkeo anajua kuchanganya. Mrudishie chupa yake."

Akaenda kutafuta chakula.