Fundi Cherehani Aosha Gari la Mama Mkwe

Mke wa fundi cherehani alikuwa amevunjika mguu. Kwa wiki tatu fundi alimpeleka kliniki kwa gari la mama mkwe. Jumamosi hiyo, saa kumi jioni, mama mkwe angekuja kulichukua gari lake.

"Tumrudishie likiwa linang'aa," alisema mkewe. Alikuwa amekaa barazani, mguu wenye plasta juu ya stuli. "Mama ametubeba sana. Tumshukuru kwa kitu cha kuonekana."

"Leo atajiona sura kwenye boneti," alijibu fundi.

Lakini moyoni hakuwa na raha. Kliniki ilikuwa bado mara mbili, naye aliona haya kuomba gari tena. Mama mkwe alilipenda gari lile kama mtoto wake wa mwisho. Siku alipowapa ufunguo alisema maneno machache tu: "Lirudi kama lilivyotoka."

Gari lilikuwa uani, juani, limejaa vumbi hadi vioo. Fundi alikoroga sabuni ya unga kwenye ndoo, povu likafurika. Akachukua kipande cha khaki kutoka kapu la mabaki ya kushonea. Alianza na matairi. Kisha, kwa kitambaa kilekile, akapanda mlangoni. Alisugua kwa nguvu zote, akizungusha mkono kama anayesugua sufuria iliyoungua.

Krrr!

Fundi aliruka nyuma. Mstari mweupe, mrefu kama kiganja, ulikuwa umekatiza mlango wa buluu. Alikikunjua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na pini.

"Kuna nini?" aliuliza mkewe.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na umejishika kichwa?"

Fundi aliutazama tena ule mstari. Mama mkwe atamtazama kwa jicho gani? Na mgonjwa atafikaje kliniki?

"Shemeji! Weka hicho kitambaa chini kabla hujamaliza rangi yote!"

Alikuwa jirani yao, Mama Rangi. Kazi yake ilikuwa kupaka magari rangi gereji. Aliingia uani, akapitisha ukucha polepole juu ya ule mstari.

"Ukucha haukwami," alisema. "Una bahati. Umekwaruza juu juu tu, na polishi itautoa. Lakini wewe, bingwa wa vitambaa, unaosha gari kwa khaki?"

"Khaki ni imara, dada."

"Ndiyo ubaya wake. Hariri unaisugua kwa brashi ya viatu?"

"Thubutu!"

"Basi rangi ya gari nayo inataka mkono wa hariri. Hata bila pini ungeiharibu. Mchanga wa matairi umeupandisha mlangoni. Kila punje inakwaruza."

"Na sabuni je?"

"Hiyo ni ya mashuka. Ni kali, inaondoa nta inayolinda rangi. Nitakupa sabuni ya gari. Kwanza lisogeze kivulini. Bati likiwa la moto, sabuni hukaukia juu yake na kuacha madoa."

Gari lilipopoa, walilimwagia maji matupu ili vumbi literemke. Kisha waliweka ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya maji safi. Fundi alileta kitambaa laini cha flana. Safari hii alikipapasa chote, pindo kwa pindo.

"Pini?" aliuliza Mama Rangi.

"Haipo."

"Vifungo?"

"Havipo."

"Sindano? Mkasi? Cherehani?"

Mke wa fundi alicheka hadi stuli ikatikisika.

Walianza juu ya paa, wakashuka. Mkono ulikwenda moja kwa moja, bila kuzunguka. Kila mara fundi alisuuza kitambaa kwenye maji safi kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Matairi yalioshwa mwisho, kwa kitambaa chake. Walisuuza gari lote, wakalikausha kwa taulo laini kabla matone hayajakauka yenyewe. Mwishoni Mama Rangi alitia polishi kwenye ule mstari, akasugua taratibu. Ukafifia. Ukapotea.

"Dada, sijui nikushukuru vipi," alisema fundi.

"Nishonee aproni. Yenye mifuko mikubwa."

Saa kumi mama mkwe aliingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ala! Hili ndilo gari langu?"

Mkewe alimkonyeza fundi anyamaze. Fundi hakuweza.

"Mama, nisamehe. Nilikwaruza mlango kwa pini. Jirani ndiye aliyetuokoa."

Mama mkwe aliinama. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mkwaruzo uko wapi?"

"Ulikuwa hapa."

"Mimi naona uso wangu tu." Alimgeukia fundi. "Ungekaa kimya, nisingejua kamwe."

"Ningejua mimi, mama."

Mama mkwe aliitazama plasta ya binti yake.

"Kliniki bado mara ngapi?"

"Mbili," alijibu binti, sauti chini.

Mama mkwe aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha fundi, akamkunja vidole juu yake.

"Mpeleke mwanangu mpaka atembee. Mimi nina safari gani?"

"Asante, mama," alisema fundi. Alibaki ameushika ufunguo kwa mikono yote miwili.