Tuombe Nyumba Pamoja

Pakiti ya tishu juu ya meza ya mkahawa ni alama kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Singapuri hata mtoto analijua hilo. Siew Gek, mjane wa miaka sabini na moja, alirudi na bakuli lake la tambi akakuta mzee mwenye shati lililonyooshwa vizuri amejikalia mbele ya pakiti yake.

"Anko, tishu hukuiona?"

"Niliiona, Anti. Miguu ndiyo haikuiona."

Siew Gek akacheka, wakala pamoja. Mzee aliitwa Kim Huat, hakuwahi kuoa. Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kila asubuhi, na Siew Gek akaanza kujikwatua, uzee wote ule.

Mwanawe Siew Gek, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa anahamia nyumba ndogo, na mama hakuwa na chumba humo. Kim Huat naye alisikia habari za nyumba za wazee za kupanga: vyuma vya kushikia bafuni, kengele ya kuvuta ukizidiwa, mhudumu ghorofa ya chini. Akampigia.

"Gek, tuombe nyumba pamoja."

Vijana wa mji ule huposana kwa maneno hayohayo. Siew Gek akaitikia. Siku ya kwenda ofisi ya nyumba akavaa blauzi ya hariri iliyokaa kabatini tangu mumewe azikwe.

Dirishani karani akauliza wana uhusiano gani.

"Marafiki tu," Kim Huat akajibu upesi. "Fomu si inataka wapweke wawili? Vitanda viwili."

Siew Gek akainuka, akaondoka. Wiki tatu hakupokea simu. Ilimuuma sana kujiona jina la kujazia fomu.

Wiki ya nne akarudi kula palepale. Kim Huat alikuwa kwenye meza ileile, na mbele ya kiti kitupu ameweka pakiti ya tishu.

"Naiweka kila siku," akasema. "Gek, niliogopa karani atanicheka. Mzee mzima, sijawahi kuposa."

"Na mimi kulia, hukuogopa?"

Kim Huat akamsogezea fomu mpya, penye uhusiano hapajaandikwa kitu.

"Kitanda kimoja. Kengele iwe upande wako, moyo wangu mbovu."

"Na nikipitiwa na usingizi?"

"Basi nitakuwa nimekufa kando ya mke wangu."

Siew Gek akachomoa tishu moja, akafuta macho, akaomba kalamu.